Je, baba mdogo aliyenilea si jamaa wa karibu? Barua kuhusu siku zangu 53 za Pemba

Mzee wa Wete (Leicester), 2 Aprili 2025

Ndugu zangu, assalaam alaykum.

Ninayo barua mbele yangu ambayo nimeisoma mara nyingi, na kila nikiisoma kifua kinanibana. Wengi wenu mnajua kwamba kila mwaka, kaskazi ikishatulia, mimi hufunga safari ya Pemba, kwa sababu magoti yangu hayaiwezi tena Januari ya huku Uingereza, na kwa sababu wakubwa wa ukoo wetu waliobaki wanahesabika kwa vidole. Hukata tiketi ya siku zisizozidi 28. Napokea PC (Pension Credit, nyongeza ya serikali kwa wazee wenye kipato kidogo) juu ya pensheni ndogo niliyoipata kwa miaka 15 ya kazi ya ghala, nami najua kuwa mpaka wake wa kukaa nje ya nchi ni wiki nne. Mwaka huu niliondoka tarehe 11 Januari, na tiketi yangu ya kurudi ilikuwa ya tarehe 7 Februari.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Februari baba yangu mdogo alifariki dunia nyumbani kwake Mtambwe. Baba aliyenizaa alikufa nilipokuwa na umri wa miaka saba, na ni huyu mdogo wake aliyenichukua, akanisomesha, akaniozesha. Sikumbuki hata siku moja niliyomwita kwa jina lisilokuwa Baba. Nilishuka kaburini pamoja na mwanawe mkubwa, tukampokea, tukamlaza mwanandani, na mimi ndiye niliyefungua kamba za sanda. Hitima ilipokwisha, watu wote walinigeukia mimi, kwa kuwa sasa ndimi mkubwa wa nyumba. Yalikuwepo madeni ya marehemu ya kulipwa, ilikuwepo mikarafuu ya kugawiwa, na mirathi ilibidi ipelekwe kwa Kadhi. Nilibadilisha tiketi, nikarudi tarehe 5 Machi. Jumla ni siku 53.

Nilipofika niliieleza ofisi ya mafao mwenyewe kabla sijaulizwa. Fomu niliyoletewa ina kisanduku cha kutaja uhusiano wako na marehemu, nami nikaandika neno la Kiingereza la mjomba, kwa sababu wenzetu hawa wana neno hilo hilo moja kwa mjomba, kwa baba mdogo na kwa baba mkubwa. Barua ya tarehe 24 Machi inasema kwamba nyongeza ya hadi wiki nane ni ya mtu aliyefiwa na jamaa wa karibu, na kwamba niliyemwandika hayumo katika orodha hiyo. Kwa hiyo PC yangu imefutwa kwa muda wote niliokuwa safarini, na natakiwa kurudisha pauni 840 na ushei.

Nina mwezi mmoja wa kuomba MR, yaani kuitaka ofisi iutazame upya uamuzi wake. Swali langu ni moja: safari hii niandike nini katika kisanduku kile? Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuandika baba mdogo na akakubaliwa?

Bi Mkubwa (Reading), 2 Aprili

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mzee wetu, pokea rambirambi zangu, na Mungu amlaze marehemu pema.

Nionavyo mimi ofisi imekosea tangu mwanzo, kwa sababu ruhusa ya kukaa nje ni wiki 13. Mimi nilipokwenda Tanga kumuuguza dada yangu nilikaa wiki 11, na hakuna aliyenidai hata senti. Kilichonitesa mimi ni kurudi. Bado nasafiri kwa pasipoti ya Tanzania yenye ILR (ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo), na safari ya mwaka huu msichana wa kwenye kaunta ya ndege aliitazama kadi yangu ya ukaazi, BRP, akaniambia muda wake ulikwisha tarehe 31 Desemba 2024, hivyo anataka kuiona eVisa, ile hati ya ukaazi ya mtandaoni. Nilisimama pale na sanduku langu karibu saa nzima, mpaka mjukuu wangu alipoamka huku akanitumia zile namba kwa simu. Wazee wenzangu, msiondoke nyumbani kabla hamjafungua akaunti ya eVisa na kuiunganisha na pasipoti mnayosafiria.

Katibu Mstaafu (Coventry), 3 Aprili

Shikamoo Mzee, na pole sana kwa msiba.

Bi Mkubwa, nakuheshimu, lakini naomba tusimpotoshe mtu ambaye siku zake za kukata rufaa zinahesabika. Wiki 13 zilikuwa sheria ya zamani. Tangu tarehe 28 Julai 2016 PC ni wiki nne kwa safari ya kawaida, hadi wiki nane kwa msiba wa jamaa wa karibu pale ambapo haiwezekani mtu kutakiwa arudi ndani ya zile nne, na hadi wiki 26 kwa mtu aliyekwenda kutibiwa. HB (Housing Benefit, msaada wa kodi ya nyumba) nayo inafuata mkondo huo huo. Ikiwa ulikwenda Tanga kabla ya mwaka huo, ulikuwa ndani ya haki yako. Ikiwa ulikwenda baada yake, usiitaje safari hiyo mbele ya watu.

Sasa nije kwa Mzee. Nimejitolea miaka tisa kuwasaidia watu kujaza fomu hizi, na katika barua yako naona mambo mawili ambayo hayahusiani na kisanduku.

La kwanza ni tarehe. Umesema wamefuta PC kwa muda wote wa safari, yaani tangu tarehe 11 Januari. Lakini ulipoondoka ulikuwa na tiketi ya kurudi kabla ya wiki nne kutimia, na sheria hutazama matarajio ya mtu siku anayoondoka. Wiki nne za mwanzo ni zako, marehemu awe baba mdogo, awe jirani. Hata wakikushinda katika suala la uhusiano, wanachoweza kukudai ni cha kuanzia tarehe 8 Februari tu, na hicho ni chini ya nusu ya deni. Ambatisha tiketi ya kwanza pamoja na risiti ya kubadilisha tarehe.

La pili ni orodha yenyewe. Wanaohesabiwa ni mzazi, mkwe, mtoto, mkwe aliyeoa au kuolewa na mtoto wako, mzazi wa kambo, mtoto wa kambo, kaka na dada, pamoja na wenzi wao. Naomba unisamehe kwa swali hili: je, baada ya baba yako kufariki, marehemu aliwahi kumwoa mama yako? Kwetu jambo hilo hutokea. Ikiwa alimwoa, basi ni baba wa kambo, naye yumo katika orodha bila ubishi.

Vilevile iandikie halmashauri kuhusu HB kwa barua ya peke yake. Ofisi hizi mbili hazisomeani barua.

Mwana wa Kisauni (Manchester), 3 Aprili

Mzee, shikamoo. Mimi sioni haja ya kuzunguka. Andika baba. Hilo ndilo jina ulilomwita maisha yako yote, ndivyo alivyokuwa, na lugha yetu haina neno jingine. Babangu mdogo alipofariki Mombasa, mwajiri wangu alinipa siku tatu za msiba badala ya kumi, eti kwa sababu si mzazi. Mara ya pili, alipofariki baba mkubwa, niliandika baba, na hakuna aliyeniuliza.

Katibu Mstaafu (Coventry), 3 Aprili

Ndugu yangu wa Kisauni, mwajiri wako si ofisi ya mafao, na ruhusa ya siku kumi si pesa ya serikali. Mzee aliingia nchi hii kwa faili ambalo ndani yake limeandikwa jina la baba aliyemzaa na mwaka aliofariki. Akiandika leo kwamba baba yake amekufa Februari 2025, bila neno la maelezo, atakuwa amejitia mwenyewe katika shauri la udanganyifu, jambo ambalo ni zito kuliko pauni 840. Sisemi asiandike kwamba alikuwa baba kwake. Nasema aandike hadithi yote, na aandike ukweli.

Mwana wa Kisauni (Manchester), 3 Aprili

Kwa hiyo kumwita baba mdogo baba si ukweli?

Kijana wa Minneapolis, 4 Aprili

Poleni sana wazee wangu. Huku Marekani hali ni ngumu kuliko hiyo kwa anayepokea SSI, msaada wa serikali kwa wazee na wenye ulemavu wenye kipato kidogo. Siku 30 mfululizo zikitimia ukiwa nje, malipo yanakatika, na ukirudi lazima ukae ndani ya nchi siku 30 mfululizo kabla hayajafunguliwa tena. Mama yangu alikwenda Bukoba kwa harusi ya mjukuu, akapatwa na homa, akachelewa kwa siku tisa. Tulimlipia kodi ya nyumba sisi watoto kwa miezi miwili. Tangu hapo anakataa kusafiri kabisa, na simu ikilia usiku anauliza kwanza kama ni ya nyumbani. Pensheni ya kazi haina shida hiyo, ni SSI tu.

Shangazi wa Muscat, 4 Aprili

Mzee wa Wete, Mungu akupe subira.

Sisi tuliopo huku safari zetu ni za majira mengine. Joto la Juni na Julai linapotufukuza, twende kwetu Unguja na Pemba wakati wa kipupwe, tulale bila ya feni, tusikie mvua ya rasharasha juu ya mabati. Najiuliza mara nyingi namna mambo yalivyogeuka. Babu zetu walikuja na kaskazi na wakarudi na kusi, miezi mitatu minne huku na miezi mingine kule, na upepo ndio uliowaambia lini wang'oe nanga. Mtu akifiwa akiwa upande wa pili alikaa mpaka mambo ya msiba yatengenee. Leo mzee wa miaka 72 anamzika aliyemlea huku akihesabu siku kwenye simu, na hilo linaniumiza zaidi kuliko hizo pesa.

Mwana wa Kisauni (Manchester), 4 Aprili

Shangazi amegusa jambo. Sisi Wakenya tangu Katiba ya 2010 tunaruhusiwa kuwa na uraia wa nchi mbili, kwa hiyo mimi naingia nyumbani kama mtu wa nyumbani. Mzee wetu yeye ameishika pasipoti ya Uingereza, na kwa ajili hiyo aliupoteza uraia wa nchi aliyozaliwa. Mtu wa Pemba kununua viza ya dola 50 ili akawaone wazee wake ni jambo ambalo serikali yenu ingepaswa kulionea haya.

Bi Mkubwa (Reading), 4 Aprili

Na bima ya Zanzibar je? Tangu Oktoba 2024 mgeni analipa dola 44 nyingine. Ndiyo maana mimi nimeishikilia pasipoti yangu mpaka leo, pamoja na mateso yote ya eVisa. Nikifa huku au huko, nitakufa Mtanzania.

Katibu, safari yangu ya Tanga ilikuwa mwaka 2014. Ungeniuliza kwanza.

Katibu Mstaafu (Coventry), 5 Aprili

Nakuomba radhi, Bi Mkubwa. Ningeuliza kwanza.

Habari za uraia tumezizungumza hapa mara nyingi na tutazizungumza tena. Naomba tumrudie Mzee, kwa kuwa tarehe 24 haiko mbali.

Mzee wa Wete (Leicester), 6 Aprili

Marahaba wanangu, na ahsanteni nyote kwa dua zenu.

Katibu, umenifungua macho kuhusu tarehe. Tiketi ya kwanza ninayo, na risiti ya kubadilisha ninayo, zote nimezitoa nakala. Halmashauri nimekwisha kuiandikia.

Kuhusu mama yangu, jibu ni hapana. Eda ilipokwisha alirudi kwao Konde, akaja akaolewa na mtu mwingine. Baba alimwambia, mtoto niachie mimi, na ndiyo sababu nikakulia Mtambwe. Kama angalimwoa, leo ningekuwa na jibu la kuandika. Nimekaa na fikira hiyo siku mbili, na sikuipenda.

Ushahidi nilio nao ni huu. Sheha wa pale amekubali kuniandikia barua kwamba nililelewa katika nyumba ile tangu utoto hadi nilipooa. Pia, tulipokuwa tukifungua sanduku la marehemu kwa ajili ya kutazama madeni, tulikuta daftari lake la mahesabu ya karafuu, karatasi zimegeuka rangi ya chai. Upande mmoja ameandika pishi zilizochumwa na majina ya wachumaji, na upande wa pili matumizi ya nyumba. Katika ukurasa wa mwaka 1963, kwa mwandiko wake ule ulioinama kulia, mna mstari usemao: "Viatu vya skuli vya mwanangu mkubwa, shilingi 12." Mtoto wake wa kuzaa alikuwa bado hajazaliwa mwaka ule. Mwanangu mkubwa ni mimi.

Daftari nimekuja nalo. Jana nililipeleka kwa mfasiri mwenye muhuri, kijana mwenzetu, ili ukurasa huo niutie pamoja na barua ya MR. Aliusoma kwa uangalifu, kisha akaniuliza: hili neno mwanangu alitie kwa Kiingereza kama mtoto, au kama mtoto wa ndugu yake, maana akiandika la kwanza ofisi itasema si kweli, na akiandika la pili ukurasa hautakuwa na maana yoyote. Nimemwambia aandike kama marehemu alivyoandika.

Lakini kisanduku cha uhusiano bado ni kitupu, na juu yake hapana nafasi ya kueleza, ni neno moja tu. Barua nataka kuitia posta tarehe 14. Kama yupo aliyekwisha kupita njia hii, namwomba aniambie aliandika nini.