Parkinson na mitokondria, wapi na wapi?

Kijana_wa_Moro: Habari wakuu. Nasoma baiokemia, mwaka wa tatu. Baba mdogo ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa, na hospitali tuliambiwa tu kwamba dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kusogea, imepungua. Sasa namsoma Timothy Greenamyre, daktari wa neva kule Pittsburgh. Miaka nenda rudi yeye ni mitokondria tu, vile viwanda vya nishati ndani ya seli. Kwa nini?

MamaPipeti: Anzia California, 1982. Vijana walijidunga heroini ya kutengenezwa mtaani, wakaganda kama wazee wa Parkinson. Daktari William Langston na wenzake wakabaini ilikuwa na uchafu uitwao MPTP. Ukifika ubongoni hugeuka MPP+, huingia kwenye seli za dopamini na kuziba kompleksi ya kwanza, kimeng'enya kinachoanzisha mnyororo wa kutengeneza nishati ndani ya mitokondria. Mwaka 1989 kundi la Anthony Schapira, London, likakuta kompleksi hiyohiyo imedhoofika kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na Parkinson.

Hapo ndipo anapoingia Greenamyre. Mwaka 2000, akiwa Chuo Kikuu cha Emory, Atlanta, kundi lake liliwapa panya rotenoni. Sumu hii haichagui, inaingia kila seli ya mwili. Lakini zilizokufa hasa ni za dopamini! Mimi nasafisha vizimba vya panya na kupima ATP, yaani nishati ya seli, kila wiki, na swali hilo bado linanikosesha usingizi: kwa nini hizo?

Mzee_Kigamboni: Rotenoni si ndiyo ya kwenye utupa? Sisi tulitwanga majani, tukamwaga mtoni, samaki wanaelea.

MamaPipeti: Ndiyo mzee, utupa una rotenoni na ndugu zake. Utafiti wa 2011 kwa wakulima wa Iowa na North Carolina uliona waliotumia rotenoni kama dawa ya wadudu walikuwa na Parkinson mara 2.5 hivi zaidi ya wasioitumia. Hilo ni la wapulizia dawa, usiogope samaki wa zamani.

Kijana_wa_Moro: Kwa hiyo nikimfuata Greenamyre kwenye utafiti huu nitafika mbali?

MamaPipeti: Ukiwa na subira. Panya wale wa 2000 wengine hawakudhurika kabisa, na njia ya kuwafanya wote wadhurike kwa kufanana ilitoka kwenye kundi hilohilo mwaka 2009. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, mdogo wangu. Na baba mdogo asiache levodopa, dawa yake ya kurudisha dopamini, kwa sababu ya maneno yetu humu.

Kijana_wa_Moro: Haachi, dada. Shangazi ndiye anayeshika saa za dawa.