Mrejesho: Keki iliyokuwa ikididimia katikati

Habari zenu wapendwa. Wiki mbili zilizopita niliuliza hapa kwa nini keki yangu ya jiko la mkaa inaungua chini na kudidimia katikati, na kwa nini kitambaa cha meza ninachofuma kinajikunja kama bakuli. Mama mkwe alikuwa karibu kuja kututembelea. Asanteni sana, mlinijibu kwa moyo.

Nilipunguza makaa ya chini, mengi nikayapalia juu ya mfuniko. Kumbe hapo ndipo tatizo lilipokuwa! Bekingi pauda nayo niliipunguza: vijiko vidogo 2 kwa unga gramu 250, badala ya 4. Sikufunua mpaka dakika 35 zilipotimia. Njiti niliyochoma katikati ilitoka kavu kabisa. Chini iliungua kidogo upande mmoja, nikapakwangua kwa kisu.

Kitambaa cha meza kilichokuwa kinajikunja kama bakuli sikukiwahi. Mlisema niongeze mishono kila mzunguko, nikafumua mizunguko 5 na kuanza upya. Sasa kinalala vizuri, ila mgeni alifika bado nafuma. Mama mkwe alishika sindano mwenyewe, tukamalizia pamoja jioni ile huku tunakula keki.

Mungu awabariki.