Naomba ushauri: Arabuko-Sokoke na Mida kwa siku moja

Habari zenu wapenzi wa ndege. Klabu yetu hapa Mombasa imenipa kazi ya kupanga safari ijayo ya kutwa: msitu wa Arabuko-Sokoke, kisha hori la Mida, ule mkono wa bahari ulio karibu na Watamu.

Kinachonitatiza ni maji. Msituni ndege huchangamka alfajiri, jua likipanda wananyamaza. Mida nako, wale ndege wa pwani wanaokuja kutoka Ulaya na Asia huonekana vizuri maji yanapojaa na kuwasogeza karibu. Yakipwa wanakuwa mbali kabisa matopeni. Je, nisubiri siku ambayo maji yanajaa alasiri, au nigeuze ratiba?

La pili linaniuma zaidi. Baadhi yetu wanataka tupige sauti za ndege kwenye simu ili yule bundi mdogo wa Sokoke ajitokeze. Mimi sitaki kabisa. Makazi yake duniani ni machache mno, na mchana ndio anapumzika. Lakini wanaotaka hivyo ni wazee wangu, wamenifundisha mengi. Niwaambieje bila kuwavunjia heshima?

Pia wanachama wapya hawana darubini. Kwenu mnagawana vipi?