Psilotum haina jani hata moja, inakuwaje inaitwa kangaga?

mpenda_kijani: Wakuu habari zenu. Nasoma uainishaji wa makangaga, nimefika kwa Psilotum nimekwama. Yaani kimmea chenyewe ni vijiti vya kijani vinavyogawanyika mbilimbili, majani hakina, mizizi hakina, halafu eti nacho kangaga. Equisetum nayo, ile yenye mashina ya vipingili yaliyo matupu ndani, wameitia humo humo. Kwani siku hizi wanaangalia nini, maana mimi najua kangaga ni lile jani linalokunjuka lina madoadoa ya spora mgongoni?

mzizi_mkavu: Mkuu hayo madoadoa ndiyo yaliyowazungusha watu miaka na miaka. Walikuwa wanapanga kwa kuangalia doa lina kifuniko au halina, liko ukingoni au katikati ya jani, kumbe tabia hizo zinajitokeza tena na tena kwenye koo zisizohusiana. Psilotum wengi waliiona kama masalia ya mimea kama Rhynia, ile ya visukuku vya Scotland vya miaka milioni 400 hivi, kisa zinafanana kwa macho basi. Mtaalamu wa mimea Kathleen Pryer na wenzake wakaja na DNA, 2001, kwenye jarida la Nature, ikaonekana Psilotum na Equisetum zote zimo kwenye ukoo wa makangaga, na ukoo huo mzima ndio ndugu wa karibu zaidi wa mimea ya mbegu. Psilotum yenyewe imeangukia kwa Ophioglossum, kangaga dogo lenye jani kama ulimi, na ukichunguza unaona kweli, maana zote mbili kile kizazi chao kidogo cha kutoa gameti (seli za uzazi) kinaishi chini ya udongo kikilishwa na kuvu.

mpenda_kijani: Asante sana mkuu. Sasa jani la kangaga na jani la mmea wa mbegu asili yake si moja?

ncha_ya_jani: Wengi wanasema si moja, mababu wa pande zote mbili kwenye visukuku ni matawi matupu. Mtaalamu wa mimea Zimmermann alishasema tangu 1930 kwamba tawi lililala bapa kisha nafasi katikati zikajazwa tishu, likawa jani. Ila kuna jeni zinazofanya kazi karibu sawa pande zote, kwa hiyo ubishi haujaisha. Mimi naegemea tawi, na ukitaka kuona kwa nini tafuta kangaga liitwalo Lygodium: ule mtambaa mrefu wa mita kadhaa unaojisokota kwenye miti ni jani MOJA, shina lake liko chini kabisa ardhini, na ncha ya jani inaendelea tu kukua. Jani gani la mmea wa kawaida linafanya hivyo?

bua: Sawa lakini uainishaji wa makangaga wa 2016 umetoka na jenasi 337, kweli jamani? Wanakata vipande mno, nusu yake mtu porini hawezi kuzitofautisha.

mzizi_mkavu: @bua hizo 337 ni pamoja na likofiti, yaani ukoo mwingine wa mimea ya spora, sio makangaga peke yake. Ila kuhusu kukata vipande, hapo niko na wewe.