Mjadala: Je, mtu apewe uongozi wa kanisa kabla hajapimwa katika kikundi kidogo cha mafunzo?

Mtoa mada, Katuba, Lubumbashi

Kila unapokaribia wakati wa kuwaweka wazee wa kanisa, mashemasi na watunza hazina, makanisa mengi ya mji wetu hugawanyika. Wapo wanaosema kwamba mtu mwenye elimu, mwenye mali na mwenye uwezo wa kusema mbele za watu anatosha, kwa kuwa kanisa lina viwanja vya kutetea, majengo ya kumalizia na wakubwa wa kuonana nao. Wapo pia wanaosema kwamba mtu asikabidhiwe jambo lolote kabla hajakaa muda wa kutosha, tuseme miaka miwili, katika kikundi kidogo cha kujifunza Neno, na kabla wenzake wa kikundi hicho hawajamshuhudia. Mimi ni wa upande huu wa pili, na ninaomba ndugu na wazee wangu wanisikilize kabla ya kunipinga.

Paulo anapomwelekeza Timotheo juu ya watu wa kuwekwa waangalizi, katika sura ya tatu ya waraka wa kwanza, uwezo wa kufundisha unatajwa mara moja tu, na yanayobaki karibu yote ni tabia: asiwe mlevi, asiwe mgomvi, asipende fedha, aisimamie nyumba yake vema, asiwe mtu aliyeongoka karibuni. Kuhusu mashemasi anaagiza wajaribiwe kwanza. Sasa nauliza: kusanyiko la watu mia tano, wanaokutana Jumapili kwa saa tatu huku kila mmoja akitazama mgongo wa aliye mbele yake, litamjaribu mtu kwa njia gani? Litaona suti yake, litasikia sala yake ndefu, litajua alichotoa siku ya mavuno. Hasira yake litaijua lini?

Wamethodisti, ambao wako Katanga kwa zaidi ya miaka mia moja, wana historia inayofaa hapa. Mwaka 1742, huko Bristol, Uingereza, wafuasi wa John Wesley walikuwa na deni la jengo lao. Mmoja wao akashauri kila mtu atoe peni moja kwa juma, na alipoambiwa kwamba wengine ni maskini mno, akaomba apewe watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, awapitie kila juma, na asiye na kitu amlipie yeye mwenyewe. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walipoanza kuzunguka kwa ajili ya ile peni, wakakuta nyumbani mambo ambayo hayakuwahi kuonekana kanisani: huyu anagombana na mkewe, yule amelewa. Wesley akatambua kwamba hilo ndilo alilokuwa akilihitaji kwa muda mrefu, na vikundi vile vya watu wapatao kumi na wawili vikawa mahali pa kutunza mwenendo wa waumini na pa kuwapata viongozi, wakiwamo wanawake na mafundi ambao hawakuwa na shahada yoyote.

Niseme pia nililoliona kwa macho yangu huku Katuba, katika kikundi kinachokutana Alhamisi jioni uani kwa mama mmoja mjane. Baba mmoja, msimamizi wa kazi mgodini na mtu wa kuheshimiwa, alikuwa akieleza mfano wa talanta, akachanganya habari ya Mathayo na ile ya Luka. Msichana wa kazi za nyumbani, aliyekuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa kwa maana viti vilikuwa vimekwisha, akasema kwa sauti ndogo kwamba katika Luka kila mtumwa alipewa fungu moja sawasawa na mwenzake. Wote tukanyamaza. Yule baba akafungua Luka sura ya kumi na tisa, akasoma akifuata mistari kwa kidole, kisha akasema, "Ni kweli, mwanangu, endelea wewe kutueleza." Baadaye mwalimu mmoja wa sekondari alisahihishwa vivyo hivyo katika kikundi hicho hicho, na tangu jioni ile hatukumwona tena. Wote wawili walikuwa wamependekezwa kuwa wazee wa kanisa. Kama si ule ua, nani angejua tofauti yao?

Kwa hiyo napendekeza kwamba kila kanisa liweke sharti la miaka miwili ya kikundi kwa yeyote anayetaka uongozi, asiachwe daktari wala mfanyabiashara, na kwamba ushuhuda wa kikundi uwe na uzito kuliko cheti cha shule ya Biblia.

Mchangiaji wa Kamalondo

Ndugu yangu, habari ya yule msichana imenigusa, nami siipingi. Lakini umeiruka historia ya nyumbani ukaenda Bristol. Katika miaka ya 1950, Padre Placide Tempels, Mfransisko kutoka Ubelgiji, pamoja na wafanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati ule, wa pande za Kolwezi na wake zao, walianzisha kile tunachokiita Jamaa. Mafundisho yalitolewa kwa Kiswahili, mke na mume wakiongozwa na mke na mume waliowatangulia, na waliyozungumza zaidi yalikuwa uzima, uzazi na mapendo. Mimi ni mtoto wa kambi ya wafanyakazi hao, na ninawafahamu wazee ambao ndoa zao zilisimama kwa ajili ya mafundisho hayo. Taabu iliingia kupitia ngazi. Kulikuwa na hatua za kupanda, na siri ya kila hatua ilijulikana na waliokwisha kuipita tu, hata kikundi kilichoanza kwa ajili ya mapendo kikaanza kuzaa wakubwa wake chenyewe. Maaskofu wakakitilia shaka, makatazo yakafuata, na matawi mengine yakaishia nje ya Kanisa.

Sisi Wakatoliki hatupingi vikundi vidogo. Maaskofu wa Kongo walichagua jumuiya hai kuwa msingi wa uchungaji tangu 1961, miaka kumi na miwili kabla maaskofu wa Afrika Mashariki hawajachukua uamuzi kama huo. Shirika, kama tunavyoiita jumuiya hiyo, ndilo linalowazika wafu wetu na kuwatembelea wagonjwa. Hata hivyo, pale karatasi ya shirika inapodaiwa ili mtoto abatizwe au ndoa ifungwe, nimewaona watu wakija majuma machache kabla ya sherehe, wakiimba, wakitoa mchango, kisha wasionekane tena. Wewe unataka kuweka cheo juu ya karatasi hiyo. Yule msimamizi wa mgodi alikubali kusahihishwa kwa sababu, nadhani, hakuwa akifikiri kwamba anapimwa. Siku atakapojua kwamba kila neno lake Alhamisi linahesabiwa kwa ajili ya uzee wa kanisa, atakuwa mnyenyekevu kwa miaka miwili kamili, na mwaka wa tatu mtamjua.

Mchangiaji wa Ruashi

Mimi ni mchimbaji. Mtu wa kazi kama yangu anaweza kulala Kolwezi majuma matatu, akarudi nyumbani siku mbili, akaondoka tena. Jirani yangu ni dereva wa lori, na maisha yake yako katika foleni ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Hizo Alhamisi za miaka miwili ni za mwenye mshahara wa ofisini au za asiye na kazi kabisa. Je, sisi wengine tusahau uongozi?

Jambo la pili ni zito zaidi. Vikundi vingi hufuata mtaa, na mtaa mara nyingi hufuata kabila na lugha. Mtu akishuhudiwa na watu wa kwao tu, wamempima nini? Katanga hii inakumbuka 1992 na 1993, ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala kwenye stesheni za treni wakisubiri mabehewa. Waliowafukuza na waliofukuzwa walikuwa wakienda makanisani. Nataka kiongozi aliyepimwa mbele ya watu wasio wa kabila lake.

Mchangiaji wa komini ya Kenya, hapa Lubumbashi

Kuhusu wasafiri kama ndugu wa Ruashi, njia ipo. Mwaka 1963 seminari ya Wapresbiteri huko Guatemala ilitambua kwamba watu waliokuwa tayari wanaongoza makanisa ya vijijini hawawezi kuacha mashamba na familia ili waje shuleni, ikawapelekea masomo huko waliko: kila mmoja alisoma kitabu chake kwa wakati wake, kisha wachache wa eneo moja wakakutana na mwalimu kila juma. Mtindo huo umeenea Afrika pia. Wachimbaji wanne wanaolala kambi moja Kolwezi tayari ni kikundi, wakipewa kitabu na mtu wa kuwafuatilia. Tena wenzako wa kambini wanakujua kuliko sisi tunaokuona ukiwa umeoga.

Mchangiaji wa Kampemba

Nawasalimu baba zangu na ndugu zangu. Mnazungumza kana kwamba kikundi kikiwa kizuri, mtu naye atakuwa mzuri. Yuda alikaa katika kikundi bora kuliko vyote vilivyowahi kuwapo, mwalimu wake alikuwa Bwana mwenyewe, na Yohana, katika sura ya kumi na mbili, anatuambia kwamba ndiye aliyeshika mfuko na alikuwa akiiba vilivyotiwa humo. Usiku ule wa mwisho wenzake hawakumshuku. Kila mmoja aliuliza kama ni yeye. Basi, hata ushuhuda wa watu kumi na mmoja waliokula naye haukutosha.

Mimi nimekuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama, na nitawaambia kinachosaidia. Siku ya matanga, michango inapokuja kwa haraka, mmoja anapokea faranga, mwingine anaandika katika daftari, na kabla hatujaondoka pale msibani daftari linasomwa kwa sauti, jina kwa jina, mbele ya mwenye msiba. Tunafanya hivyo kwa kila mtu, hata kwa yule tunayemwamini kabisa, ili asije mtu akatiliwa shaka bure na asije mtu akajaribiwa peke yake. Tabia njema inahitaji kulindwa namna hiyo. Nimeona mama mwaminifu akianguka kwa sababu alipewa sanduku na ufunguo pamoja, huku mtoto wake yuko hospitali.

Tena lipo jambo ambalo wanaume hamkuligusa. Katika vikundi tunaambiwa tuungame makosa yetu sisi kwa sisi, kama Yakobo alivyoandika. Mama akisema kikundini kwamba nyumbani mwake kuna vita, ikifika wakati wa uchaguzi wa mashemasi maneno yale yale hugeuka kuwa sababu ya kumkataa: haisimamii nyumba yake. Mumewe, ambaye ndiye anayepiga, hakusema kitu, kwa hiyo anapita. Mkifanya kikundi kuwa mahali pa kupima watu, wenye majeraha watafunga midomo, na watakaobaki wakisema ni wale wanaojua kujisifu kwa unyenyekevu. Hilo linaniumiza kuliko habari ya nani atakuwa mzee wa kanisa.

Mtoa mada, Katuba

Mama wa Kampemba, nakushukuru kwa dhati. Hoja yako na ile ya mzee wetu wa Kamalondo zinakutana mahali pamoja, nami naona kwamba pendekezo langu haliwezi kubaki lilivyokuwa.

Naliondoa sharti la miaka miwili. Mzee amesema kweli kwamba sharti litafanya kikundi kuwa ngazi, na hata mfano wangu wa Bristol unamsaidia yeye kuliko mimi, maana wale watu hawakukutana ili wawe viongozi. Walikuwa wanalipa deni, na tabia zao zikaonekana wakiwa katika kazi hiyo. Basi kanisa lisiandikishe wagombea katika vikundi. Liwape watu wa vikundi kazi halisi, kama kuzungukia wagonjwa, kukusanya michango ya matanga, kumfuata aliyeacha kuja, na viongozi watafutwe miongoni mwa wale ambao wamekuwa wakifanya kazi hizo bila kuahidiwa cheo. Mchimbaji anaweza kuonekana katika kazi ya namna hiyo hata kama anahudhuria mara moja kwa mwezi.

Naongeza pia kwamba kisiulizwe kamwe kile kilichosemwa katika maungamo. Kikundi kiulizwe juu ya matendo yaliyoonekana tu: je, alirudisha alichokopa, je, alimwendea aliyemkosea, je, alipokatazwa alikasirika? Mke wake aulizwe pia, faraghani, na mwanamke mwenzake, kabla ya mtu kuitwa msimamizi mwema wa nyumba. Kwa ndugu wa Ruashi, nakubali kwamba ushuhuda utoke walau kwa watu wa makabila mawili, na pale ambapo kikundi hakina watu wa namna hiyo, kitafute kazi ya pamoja na kikundi cha mtaa mwingine. Daftari lisomwe kwa sauti, kama akina mama wanavyofanya. Hilo halihitaji mjadala.

Jambo moja silibadilishi. Tusimpitishe mtu juu ya kikundi kwa sababu ya mali yake au cheo chake serikalini au mgodini. Habari ya Yuda inatuonyesha kwamba kikundi kinaweza kudanganyika, lakini haituambii kwamba asiyekuwa na kikundi kabisa ni salama zaidi. Mtu ambaye hakuna yeyote anayeweza kumwambia "hapo umekosea" akabaki ameketi, huyo nitampinga hata akijenga kanisa zima kwa fedha zake.

Limebaki swali ambalo hakuna aliyeligusa, nami nawarudishia ninyi nyote, hasa mzee wa Kamalondo, mwenye kumbukumbu ndefu kuliko sisi. Wachungaji wetu wengi huvitembelea vikundi, huvifungulia kwa sala na kuvihubiria, lakini wao wenyewe hawamo katika kikundi chochote. Nani anakaa nao uani Alhamisi, na ni nani miongoni mwetu ana ruhusa ya kuwasahihisha?