Mjadala: Mizinga ya 1896 ipandishwe jukwaani? Na ichezwe mbele ya nani?

Ndugu zangu wa Unguja na Pemba, naomba tulizungumze wazi jambo ambalo barazani linagusiwa kisha linaachwa. Kuna vijana wanaandika mchezo wa kuigiza kuhusu ukoloni wa Muingereza hapa kwetu, wakianzia mizinga ya tarehe 27 Agosti 1896. Baadhi ya wazee wamewakataza. Wanasema mchezo kama huo utafukua ya Mapinduzi ya 1964, na wengine wanaongeza kwamba Muingereza ndiye aliyeondoa utumwa, sasa tunamshitaki kwa lipi?

Mimi nasema uchezwe. Uchezwe kwa Kiswahili, na wa mwanzo kuuona tuwe sisi.

Kwa wasioikumbuka habari yenyewe: Sayyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar, alifariki tarehe 25 Agosti, na siku hiyo hiyo Khalid bin Barghash akaingia jumbani kushika usultani bila ya ridhaa ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka nchi chini ya himaya yao. Basil Cave, aliyekuwa mwakilishi wao, akampa Khalid mpaka saa tatu za asubuhi ya tarehe 27 ashushe bendera na atoke. Hakutoka. Dakika mbili baada ya saa tatu manuwari zilizotia nanga mbele ya mji zikaanza kupiga, na saa nne haijafika kila kitu kilikuwa kimekwisha. Beit al-Hukm, moja ya majumba ya Sultani, ikavunjika, meli ya Sultani, Glasgow, ikazama bandarini. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na baadaye Wajerumani wakamvusha hadi Dar es Salaam. Waliouawa na kujeruhiwa upande wa jumbani walikuwa kiasi cha watu 500. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja.

Leo habari hii imebaki kuwa kichekesho: vita vifupi kuliko vyote duniani. Wanaotembeza wageni Mji Mkongwe wanaisema hivyo, wageni wanacheka, wanapiga picha na kwenda zao. Hapo ndipo ninapoumia. Watu 500 ndani ya dakika arobaini, na kinachokumbukwa ni saa! Ni nani walioanguka pale? Khalid aliokoka. Walioanguka ni walinzi, watumishi, watumwa wa jumbani, watu ambao hakuna aliyewauliza nani awe Sultani. Vitabu vinatupa hesabu yao tu. Jukwaa linaweza kutupa mpishi, mbeba maji, kijana aliyepewa bunduki usiku wa kuamkia siku ile. Ndiyo maana nataka mchezo, na si kitabu kingine.

Sasa hili la utumwa, maana ndilo linalowanyamazisha wengi. Aliyetia saini amri ya Aprili 1897 ya kuondoa utumwa ni Hamoud bin Mohammed, Sultani yule yule aliyewekwa kwa mizinga ile. Soma amri yenyewe ilivyofanya kazi. Fidia alilipwa mwenye mtumwa, wala si aliyetumikishwa. Mtumwa hakuamka asubuhi akajikuta huru. Ilimbidi aende mahkamani aombe uhuru wake, na aonyeshe ana pa kukaa na kazi ya kumlisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Masuria wakaachwa nje mpaka 1909. Serikali ilichokiogopa ni mashamba ya karafuu kukosa watu wa kuchuma. Basi mwandishi na aiweke mahkama hiyo jukwaani, amsimamishe mwanamke mmoja mbele ya hakimu, halafu tuone nani atatoka ukumbini akisema tumshukuru Muingereza. Na mwenye mtumwa naye, babu yetu sisi, awepo pale pale akipokea fedha zake. Mchezo unaomkwepa huyu sitautetea.

Lipo na jengine ambalo halisemwi. Admirali Harry Rawson, aliyeongoza manuwari zile, mwaka 1895 alikuwa Mwele, nyuma ya Mombasa, akimpiga Mbaruk bin Rashid wa Kimazrui. Februari 1897 alikuwa Benin, ufalme uliokuwa katika Nigeria ya leo, ambako jeshi lake lilichukua zile sanamu za shaba ambazo dunia nzima sasa inazungumzia kurudishwa kwake. Mtu mmoja, chini ya miaka miwili. Wanigeria wanazidai shaba zao kwa sauti. Sisi tumebaki na kichekesho.

Kuhusu 1964, hofu hiyo siidharau hata kidogo. Lakini Muingereza aliondoka tarehe 10 Disemba 1963 na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari, mwezi mmoja na siku mbili baadaye. Aliyetawala miaka 73, akawapanga watu kwa makabila na rangi katika hesabu zake za serikali, hatumtaji, kwa sababu tunaogopana sisi kwa sisi. Hilo silikubali. Ebrahim Hussein alipoandika "Kinjeketile" mwaka 1969, juu ya Vita vya Majimaji, hakutosheka na kumlaumu Mjerumani; aliingia ndani ya watu wenyewe, imani yao na shaka yao. Njia ipo.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Kutoka Wete:
Kaka, nimekusoma mpaka mwisho. Nauliza tu: mchezo huo utachezwa wapi? Najua jibu, Ngome Kongwe ya Mji Mkongwe, kwa tiketi, watalii mstari wa mbele. Sisi Pemba tutausikia redioni kama kawaida. Na hiyo mahkama unayoisifu, unadhani kesi zake zilikuwa za Forodhani tu? Karafuu nyingi zilikuwa huku, na watumwa wa mashamba walikuwa huku. Kama mchezo unaanza na jumba la mfalme na unamalizika na jumba la mfalme, mwandishi ameangalia alikoangalia Muingereza.

Kutoka Kiembe Samaki:
Namuunga mkono ndugu wa Wete, na sisi tumo. Mwaka 1951 wakulima wa hapa walikataa ng'ombe wao kuchanjwa kwa nguvu dhidi ya kimeta, na wengi walikuwa na uchungu wa ardhi iliyochukuliwa kwa ajili ya uwanja wa ndege. Wakapelekwa mahkamani, watu wakaandamana, polisi wakapiga risasi, watu wakafa. Vita vya Ng'ombe. Hakuna Sultani ndani yake wala manuwari. Andikeni hiyo.

Mwalimu mstaafu, Mwanakwerekwe:
Wanangu, mimi ni katika hao wazee wanaokataza, kwa hiyo nitasema. Nimesomesha historia skuli miaka mingi. Darasani mtoto akiuliza "mwenye mtumwa alikuwa babu wa nani?" nipo pale, namjibu, namtuliza. Ukumbini hakuna wa kumjibu. Ataondoka na sura ya mchezaji na jina la ukoo, na kesho atalitupa usoni kwa jirani yake. Ninyi mnazungumza habari za Rawson, lakini Rawson hana wajukuu Mwanakwerekwe. Sisi wengine tunao. Halafu niambieni, fedha za mchezo zinatoka wapi? Zikitoka ubalozini, Muingereza atakuwa amelipia shauri lake mwenyewe na kuchagua mashahidi.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, shikamoo. Hoja yako ndiyo nzito kuliko zote zilizotolewa hapa. Majina ya koo yasiwemo. Juu ya hilo niko nawe, na nitawaambia vijana. Mwenye mtumwa abaki bwana shamba, basi. Lakini kumwondoa kabisa kutamfanya Muingereza awe mwovu peke yake, na mtoto yule yule atakuja kuujua ukweli mahali pengine, kwa mtu asiyemtakia mema. Bora aukute kwetu, na baada ya mchezo taa ziwashwe, watu wakae, waulize, na mwalimu kama wewe awepo mbele yao. Fedha za ubalozi zisipokewe, hata kama mchezo utachezwa kwenye uwanja wa skuli kwa taa za karabai.

Ndugu wa Wete, mahkama ianze Chake Chake kabla ya Ngome Kongwe. Wa Kiembe Samaki, 1951 ni mchezo mzima peke yake. Ukiubana ndani ya huu utaudhulumu.

Na wewe mwalimu, ukiletewa maandishi kabla ya mazoezi kuanza, utakubali kuyasoma na kuweka alama pale unapoona mtoto ataumia?