Kundi: UKOO WA MAJENGO 🌙 (gari la Nyanya)

ALHAMISI

Mwanaidi 19:04
Assalaam aleikum jamaa. Nimetoka kwa fundi. Shokomzoba za HiAce zote nne zimekwisha. Za mbele zinavuja mafuta. Fundi aliligandamiza gari pembeni akaachia, likacheza kama kitanda cha kamba. Likiwa zima hurudi mara moja likatulia.

Mwanaidi 19:06
Juzi Jogoo Road Nyanya aliushika mgongo mpaka nyumbani. Harusi ya Malindi imekaribia, na hapa Nairobi hadi Mombasa tu ni kilomita 480 hivi. Hasafiri hivyo mimi nikiwa hai.

Mwanaidi 19:06
Elfu tatu kila nyumba. Jumamosi nanunua.

Mama Swafiya 19:40
Waaleikum salaam 🙏

Hamisi 20:15
Dada, lazima ziwe mpya? Kirinyaga Road kuna mitumba ya Japani, bei nafuu sana

Mwanaidi 20:16
Hamisi, mlango wa mtumba nitanunua, kioo nitanunua. Shokomzoba hapana. Kazi yote iko ndani: pistoni, vali, mafuta. Huwezi kuijua kwa macho imebakisha nini. Unaifunga leo, sili ya kuzuia mafuta inaachia Mtito Andei.

Hamisi 20:21
Basi chukua zile ngumu za kubebea mizigo. Zinadumu

Mwanaidi 20:29
Hapo ndipo mnapokosea wengi. Shokomzoba haibebi uzito! Uzito uko kwenye springi za nyuma, yale mabamba, na mbele kwenye tosheniba, zile fimbo za chuma zinazojipinda. Shokomzoba inaizuia springi isiendelee kudunda baada ya shimo. Ukiweka ngumu na ndani kuna watu sita tu, kila tuta linampiga Nyanya kiunoni. Nataka kipimo cha kawaida cha kiwanda. KYB, wale watengenezaji wa Japani, wana Premium, ya mafuta peke yake, na Excel-G, ambayo ndani ina pia gesi ya naitrojeni. Gesi inazuia mafuta kufanya povu yakipata moto, kwa hiyo hailegei safari ikiwa ndefu. Ya mafuta ni laini kidogo zaidi, lakini kwa njia ya Mombasa mimi nachagua gesi.

Mjomba Kassim 20:33
Gesi! Basi tutapika pilau humo humo njiani 😂😂

Swafiya 20:33
😂😂😂 Mjomba jamani

Mama Mdogo Fatuma 20:41
Pilau yenye viazi au ile ya Kassim?

Mjomba Kassim 20:42
Viazi vya nini? Pilau ni nyama

Mama Swafiya 20:44
Bila viazi mimi sili

Mwanaidi 20:58
Naomba elfu tatu.

IJUMAA

Mwanaidi 12:50
Zimeingia nyumba mbili. Wengine mmesoma, naziona alama.

Mwanaidi 12:52
Upepo wa matairi pia ulikuwa umezidi ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Fundi ameupunguza. Na Nyanya asikae tena kiti cha mwisho, pale juu ya ekseli ndipo gari linaporusha zaidi. Akae katikati.

Mama Mdogo Fatuma 13:30
Mwambie wewe. Mimi nilishamwambia

Hamisi 16:07
Fundi huyo huyo kaniambia springi za nyuma zimelala. Shokomzoba mpya zitasaidia nini?

Mwanaidi 16:08
Zimelala kwa nini Hamisi

Mwanaidi 16:08
Simiti ya Ruai ilibebwa na gari gani?

Hamisi 16:10
Ujumbe huu umefutwa

Mama Mdogo Fatuma 16:15
Si tuliyamaliza haya siku ya arubaini?

Mwanaidi 16:16
Hatukuyamaliza Mama Mdogo. Tulinyamaza kwa sababu ya wageni.

Mjomba Kassim 16:20
Na hivyo viazi?

Mama Swafiya 16:20
Kassim si sasa

Swafiya 18:37
Nyanya amesomewa yote. Ananiambia niandike hivi hivi: "Gari lile babu yenu alilinunua libebe watu. Sitaki kusikia habari ya simiti tena. Hamisi mjukuu wangu, Mwanaidi mjukuu wangu. Zinunuliwe zote nne. Mkinunua mbili mkaacha mbili, mimi nitapanda basi, na nitapanda peke yangu."

Mjomba Kassim 20:55
Tumesikia Mama

Hamisi 22:48
Nisamehe Nyanya. Za nyuma nalipa mimi. Nusu nimetuma, nusu tarehe tano. Springi nitaongea na mtu

Mwanaidi 22:50
Mtu gani?

JUMAMOSI

Mwanaidi 10:31
Niko dukani. Jozi ya mbele ipo, nimechukua na risiti. Ya nyuma hadi Jumatatu. Hamisi, huyo mtu wa springi nani? Nataka afanye kazi siku hiyo hiyo, gari lisifunguliwe mara mbili.

Mwanaidi 10:34
Mmoja wenu asimame na fundi Jumatatu. Nati za kwenye bushi, zile raba za maungio, zisikazwe kabisa gari likiwa limeinuliwa. Lishushwe kwanza, likae kwa uzito wake, ndipo akaze. La sivyo bushi zinakaa zimejipinda, zinakatika upesi.

Rajabu 14:20
Mnanunua gari?

Mama Swafiya 14:22
Soma juu Rajabu

Rajabu 14:47
Nimesoma. Jumatatu nitasimama na fundi mimi, nikitoka kazini saa kumi na moja

Mwanaidi 14:48
Fundi anafunga saa kumi.

Mwanaidi 14:48
Na elfu tatu Rajabu.